Waliokaa kando ya kitanda

Mwezi Januari 1987, Noerine Kaleeba alimzika mumewe, Christopher. Ugonjwa wake, UKIMWI, ulikuwa umegunduliwa akiwa masomoni Uingereza, na huko wahudumu na watu wa kujitolea walikuwa wakimshika mkono na kuzungumza naye. Nyumbani Kampala, Uganda, mambo yalikuwa tofauti. Ndugu waliogopa, majirani walinong'ona, na hospitalini wagonjwa wa UKIMWI waliachwa wakiugulia peke yao.

Kaleeba, mtaalamu wa fiziotherapia katika Hospitali ya Mulago, alianza kukutana na wenzake wachache. Baadhi yao walikuwa na virusi, wengine walikuwa wafiwa. Walikunywa chai, wakaomba, wakalia pamoja. Mwaka huohuo kikundi hicho kikawa TASO, shirika la kuwasaidia watu wenye UKIMWI.

Dawa ya kurefusha maisha hawakuwa nayo. Walikuwa na ushauri nasaha, ziara za nyumbani, tiba ya magonjwa nyemelezi na ujasiri wa kumgusa mgonjwa ambaye wengine walikataa hata kumpa kikombe. Hilo lilikuwa jambo kubwa mno, na historia ya tiba hulitaja kwa haraka kupita kiasi.

Nchini Tanzania, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waligunduliwa Kagera mwaka 1983, shirika kama hilo, WAMATA, lilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1989, Theresa Kaijage akiwa mwanzilishi.

Dawa za kurefusha maisha, ARV, zilipofika, njia za kuwafikia wagonjwa majumbani zilikuwa tayari. Wilayani Jinja, Uganda, wahudumu wa TASO walipeleka dawa hizo kwa pikipiki, na utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ukaonyesha kuwa huduma hiyo ilifaulu sawa na ile ya kliniki.