Maiti Asiyesemeshwa Tena: Kifo na Lugha katika Uprotestanti wa Awali

Kabla ya Matengenezo ya Kanisa, Mkristo wa Uingereza alipofariki hakuachwa peke yake. Walio hai waliendelea kumhudumia kwa sala na misa, ili muda wake wa toharani upunguzwe. Mwaka 1547, chini ya Mfalme Edward VI, sheria ilizifuta wakfu zilizogharimia misa hizo na mali zake zikatwaliwa. Waprotestanti walifundisha kwamba wokovu hupatikana kwa imani, wala jamaa hawawezi kumwongezea marehemu chochote.

Badiliko hilo hudhihirika katika sarufi ya maziko. Katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1549, kasisi alimsemesha marehemu kwa nafsi ya pili, akiikabidhi roho yake kwa Mungu na mwili wake ardhini. Katika toleo la mwaka 1552, nafsi hiyo ilitoweka: maneno yalielekezwa kwa waombolezaji, na marehemu akatajwa kwa nafsi ya tatu, kama ndugu aliyekwisha kuondoka.

Hivyo maziko yakawa mafunzo kwa walio hai. Hofu ya toharani iliondolewa. Pamoja nayo ikaondoka faraja ya kuwa na la kumtendea mpendwa aliyekufa.