Jina la baba wa kambo: Sheria na mila zinavyosema

MAMA anapoolewa akiwa na mtoto, swali la jina huingia naye katika boma jipya. Je, mtoto abaki na jina la babake mzazi, au achukue la mumewe mama ili afanane na wadogo wake watakaozaliwa?

Katika kaunti za Meru na Embu swali hili lina uzito kwa sababu jina huhusishwa na ukoo, na ukoo huhusishwa na shamba. Kuna wanaoamini kwamba mtoto akibadilishwa jina huwa amepata fungu katika shamba la baba wa kambo. Wengine hukataa wakihofia atapoteza urithi wa babake mzazi. Sheria ya Kenya haiungi mkono dhana yoyote kati ya hizo mbili.

Mila za majina

Miongoni mwa Waembu, kama ilivyo kwa Wakikuyu, mvulana wa kwanza huitwa kwa babu mzaa baba na wa pili kwa babu mzaa mama. Wasichana nao huitwa kwa nyanya zao kwa utaratibu uo huo. Kwa Wameru, kiambishi M' katika majina ya wanaume, kama vile M'Ikiara, kilionyesha kwamba mtu ni mwana wa fulani.

Jina moja la mwisho kwa jamaa nzima lilienea kupitia shule na stakabadhi za serikali. Mfano unaofahamika ni wa Jeremiah Nyagah, aliyekuwa waziri kutoka Embu, ambaye wanawe Joseph, Norman na Nahashon wote walijulikana kwa jina Nyagah. Hata hivyo, si ajabu hadi leo kupata ndugu wa tumbo moja wenye majina tofauti ya mwisho.

Kwa hivyo, anayefuta jina la baba mzazi huenda asiufute ukoo wake. Mtoto aliyeitwa kwa babu mzaa baba ataendelea kubeba jina la babu huyo.

Njia tatu

Ya kwanza ni ya mtoto mchanga. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, kifungu cha 14, humruhusu mzazi au mlezi kusajili jina lililobadilishwa katika muda wa miaka miwili tangu kizazi kusajiliwa, akilipa ada na kutoa ushahidi ambao msajili atahitaji.

Ya pili ni hati rasmi ya kubadilisha jina, ambayo husajiliwa na serikali na tangazo lake kuchapishwa katika Gazeti Rasmi. Mzazi au mlezi huitia sahihi kwa niaba ya mtoto mdogo, lakini aliyefikisha miaka 16 sharti aridhie mwenyewe.

Njia hizi mbili hubadilisha jina tu. Hazimfanyi baba wa kambo kuwa mzazi kisheria, wala hazimwondolei baba mzazi wajibu wa kumlea mwanawe. Aidha, kumwandikisha baba wa kambo kana kwamba ndiye aliyemzaa mtoto ni kutoa habari za uongo kwa msajili, na hilo ni kosa la jinai.

Ya tatu ni kumwasili mtoto kupitia mahakama, chini ya Sheria ya Watoto ya 2022. Hapo baba wa kambo huwa mzazi kamili, na uhusiano wa kisheria kati ya mtoto na baba mzazi hukatika. Ndiyo maana ridhaa ya baba mzazi huhitajika, isipokuwa pale mahakama inapoona sababu ya kuiondoa, kwa mfano ikiwa alimtelekeza mtoto.

Baba mzazi ana usemi

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, humpa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili kwa usawa, wawe wameoana au la. Mama akibadilisha jina bila kumhusisha baba, mzozo unaweza kufika mahakamani, na kipimo kitakuwa maslahi ya mtoto.

Mnamo Mei 2016, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa pia wana haki ya jina la baba yao kuwekwa katika rekodi za kuzaliwa. Uamuzi huo ulisisitiza kwamba jina la baba ni haki ya mtoto, si zawadi ya baba.

Urithi haufuati jina

Sheria ya Urithi, kifungu cha 3, humtambua kama mtoto wa mwanamume yule ambaye mwanamume huyo alimkubali kuwa wake au aliyejitwika kwa hiari jukumu la kudumu la kumlea. Kwa hivyo, mtoto aliyelelewa na kusomeshwa na baba wa kambo anaweza kudai fungu katika shamba la majani chai au la muguka hata kama majina yao hayafanani. Kwa upande mwingine, aliyepewa jina lake pekee bila kulelewa naye atakuwa na ushahidi hafifu.

Mwanamume anayetaka kumaliza ubishi mapema ana njia iliyo wazi zaidi kuliko jina: kuandika wasia ulioshuhudiwa ipasavyo.

Kabla ya kuamua

Wanaotaka kubadilisha jina wafanye hivyo kabla ya mtoto kusajiliwa kwa mitihani ya kitaifa, kwani cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho vikitofautiana, mzigo wa kueleza humwangukia kijana mwenyewe. Mahali pa kuanzia ni ofisi ya usajili wa raia au ya afisa wa watoto, Meru au Embu.

Mtoto aliye na umri wa kutoa maoni naye aulizwe. Jina ni lake, na ndiye atakayeitwa kwalo maisha yake yote.