Nyota iliyolipuka kimyakimya, na setilaiti iliyoitwa Uhuru

Wasee, Novemba usiku tokeni Garissa mjini, mbali na taa, muangalie kaskazini. Chini kidogo kuna kundi la nyota la Cassiopeia, na ndani yake mabaki ya nyota iliyolipuka, Cas A. Hayaonekani kwa macho. Mwanga wa mlipuko ulifika duniani miaka ya 1670 hivi, lakini ulikuwa hafifu mno, hakuna aliyeuandika kwa uhakika. Pengine vumbi la angani liliuziba. Mwaka wenyewe ulipatikana kwa hesabu tu: wataalamu walipima kasi ya vipande vinavyosambaa, wakarudisha nyuma.

Sasa sikieni hii. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, kwenye ghuba ileile Mto Tana wetu unakoishia. Ikaitwa Uhuru, kwa sababu Kenya ilikuwa inasherehekea. Iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei (ndiyo, kama ile ya hospitali) na Cas A imo.

Jamhuri Dei nimesimama juani sana, gwaride na hotuba. Hii sijaisikia hata mara moja. Eti historia yetu upande huu ni shifta na ukame tu? Mwenye namba ya mwalimu wa historia amtumie.