Maswali ya Kitoto ya Ibn al-Haytham

Ndugu msomaji, katika nyumba zetu nyingi za pwani mtoto akiuliza swali la tatu mfululizo hujibiwa kwa neno moja tu: "Nyamaza!" Akizidi huambiwa ana maneno mengi, na akizidi tena hutishwa kwa aya. Aya yenyewe ni ile iliyomo katika Suratul Maida, ambamo Mwenyezi Mungu anawakataza waumini kuuliza mambo ambayo wakidhihirishiwa yatawachukiza. Nimesomesha chuoni zaidi ya miaka arobaini, na aya hii nimeisikia ikitumiwa kama bakora mara nyingi kuliko nilivyoisikia ikifasiriwa. Basi na tuanze hapo.

Wanavyuoni wametaja sababu za kuteremka kwake. Walikuwapo watu wakimwuliza Mtume (S.A.W.) kwa mzaha, huyu akisema baba yangu ni nani, na yule aliyepotelewa na ngamia akisema ngamia wangu yuko wapi. Imepokewa pia kwamba mtu mmoja aliuliza kama Hija ni ya kila mwaka, akakariri mara tatu, na Mtume akanyamaza, kwani lau angalisema ndiyo ingalikuwa wajibu na watu wasingaliiweza. Hayo ni maswali ya kejeli, au ya mtu kujitwisha mzigo asiotwishwa. Mtoto anayeuliza kwa nini mwezi unatufuata tukitembea hayumo kabisa katika makatazo hayo.

Tena mwangalie Ibn Abbas. Mtume alipofariki, mwaka 11 wa Hijra, yaani 632, yeye alikuwa kijana wa miaka kama kumi na mitatu. Masahaba walikuwa wengi bado, naye akawa akienda mlangoni kwa mmoja wao saa za jua kali, akiambiwa mwenye nyumba amelala hukaa pale pale kizingitini, upepo ukimpiga vumbi usoni, mpaka atoke amwulize. Bwana Umar alimkalisha pamoja na wazee waliopigana Badr, na baadhi yao wakanung'unika kwamba wao pia wana watoto wa umri ule. Umar akamtahini mbele yao kwa Suratun Nasr, wakanyamaza.

Lakini leo nataka kukusimulia habari za mtu mwingine, ambaye jina lake hatulisikii sana katika mawaidha yetu. Ni Abu Ali al-Hasan Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Kairo yapata mwaka 1040.

Al-Qifti, mwandishi wa tarehe za wenye hekima, asimulia kwamba Ibn al-Haytham alisema, angali mbali na Misri, kuwa lau angalikuwa huko angalifanya jambo la kuuendesha mto Nili ufae katika kujaa kwake na kupungua kwake. Maneno yakamfikia al-Hakim, Khalifa wa Kifatimi aliyetawala tangu 996 hadi 1021, akamwita, akampa mafundi na mali, akampeleka juu ya mto. Njiani aliyaona majengo ya watu wa kale, yalivyopimwa na kupangwa kwa ustadi wa ajabu. Hapo akajiuliza swali ambalo mtoto yeyote angaliuliza: Watu hawa waliojua kujenga hivi, mbona wao hawakuuzuia mto huu? Akafika karibu na Aswan, akapatazama, akaona alichokidhania hakiwezekani kwa nyenzo za zama zake. Akarudi akamwambia mfalme ukweli. (Bwawa la kwanza la Aswan lilimalizika mwaka 1902, na lile kubwa mwaka 1970, kwa mitambo ambayo yeye hakuiota.)

Ebu pima, msomaji, jambo hilo. Mtu ameahidi, amepewa fedha, mfalme wake ni mwepesi wa kuua, na watu nyuma yake wanangoja kazi ianze. Wangapi kati yetu wangaliendelea kuchimba kwa kuona haya kusema? Kwa kumwogopa al-Hakim, asema al-Qifti, alijifanya mwenda wazimu, akafungiwa nyumbani mwake mpaka Khalifa huyo alipofariki. Baadaye aliishi karibu na msikiti wa Azhar, akipata riziki yake kwa kunakili vitabu vya hesabu na vya nyota.

Katika miaka hiyo ndipo alipoandika kitabu chake kikubwa, Kitab al-Manazir, juu ya kuona. Swali lake lilikuwa jepesi hata mtu huona aibu kulitamka: Tunaonaje? Wakubwa walikuwa wamekwisha jibu. Uqlidis na Batlamyus, wenye hekima wa Kiyunani, walifundisha kwamba jicho hutoa miali, ikaenda kukipapasa kitu kama mkono wa kipofu. Watu walilichukua neno hilo zaidi ya miaka elfu. Ibn al-Haytham akarudi nyuma ya vitabu, akaanza na yale ambayo kila mmoja anayajua. Ukilitazama jua, jicho linauma. Ukikitazama kitu chenye nuru kali kisha ukageukia mahali penye giza, ile nuru waiona bado machoni mwako. Kama jicho ndilo linalotoa, mbona ndilo linaloumizwa? Akaonyesha kwamba nuru hutoka kwenye vitu ikaingia jichoni, kwa njia zilizonyooka. Wala hakuitupa hesabu ya waliomtangulia; mistari na pembe zao alizichukua zote, akazigeuza mwelekeo tu. Ama katika kitabu chake kingine alichoandika juu ya mashaka yaliyomo kwa Batlamyus, alisema wazi kuwa wanavyuoni hawakuhifadhiwa na makosa, na kwamba atafutaye haki ni lazima apime anachosoma hata kikiwa cha mtu mkubwa. Hiyo ndiyo adabu ninayoitaka mimi: heshima yote kwa mwalimu, na swali pia.

Huenda ukasema, hayo ni ya wenye hekima, sisi tuna shida za nyumbani. Nami nakwambia shida za nyumbani ndizo hasa zinazoharibika kwa kukosa swali jepesi. Niliwahi kuitwa kusuluhisha ndugu wanne waliogombana miaka mitatu kwa nyumba ya marehemu baba yao. Walikuja na karatasi, na mashahidi, na kila mmoja na hesabu yake ya mafungu. Tulikaa tangu baada ya Alasiri. Mjukuu, kijana wa miaka saba, alikuwa akileta kahawa. Akamwuliza baba yake mbele ya watu: "Na bibi atalala wapi?" Aliambiwa atoke nje. Lakini baada ya hapo hakuna aliyeweza kuendelea na hesabu, kwa sababu mama yao, mjane mwenye haki yake ya thumuni, alikuwa hai chumba cha pili, na katika miaka mitatu hakuna aliyemwuliza lolote. Siku ile hatukumaliza. Walipokuja tena, walikuja naye.

Mwanafunzi mmoja wa maandishi ya Ibn al-Haytham aliyekuja karibu miaka mia tatu baada yake alikuwa Kamal al-Din al-Farisi, aliyefariki yapata mwaka 1319. Swali lake yeye ni lile ambalo hakuna mtoto asiyeliuliza: upinde wa mvua unatoka wapi? Mawinguni hapafikiki. Akachukua tufe la kioo, akalijaza maji, akasema na liwe hili ndilo tone langu la mvua. Akaliweka chumba cha giza, akaingizia nuru ya jua kwa kitundu, akaifuata. Akaiona inapinda ikiingia, inarudishwa nyuma kwa ndani mara moja, kisha inapinda tena ikitoka. Na ule upinde wa pili hafifu unaoonekana juu ya wa kwanza, ndani yake nuru hurudishwa mara mbili. Miaka hiyo hiyo kule Ujerumani padri mmoja, Theodoric wa Freiberg, alifikia jibu hilo hilo, bila ya mmoja kuwa na habari za mwenziwe. Kitabu cha Ibn al-Haytham nacho kilikuwa kimekwisha fasiriwa kwa Kilatini, na mwaka 1572 kikapigwa chapa Basel. Wazungu walikisoma sana. Sisi tulikuwa tukiwaambia watoto wanyamaze.

Alikuwa na jaribio moja ambalo hata nyumba zetu za Mji wa Kale zinaliweza. Alipanga taa kadhaa mbele ya kitundu cha chumba chenye giza, kila moja mahali pake, na ukutani ndani zikaonekana nuru kwa idadi ya taa. Akiiziba taa moja, nuru yake peke yake hutoweka, akiifungua, hurudi. Kwa hiyo akajua nuru hazichanganyikani njiani ijapokuwa zote hupita tundu moja.

Ukitaka, lifanye wewe mchana. Chagua chumba kinachotazama njia, chenye ukuta mweupe wa chokaa mkabala na dirisha. Funga mbao za dirisha, ziba nyufa kwa matambara, uache kitundu kimoja kisichozidi punje ya choroko. Ngoja macho yazoee giza. Utawaona wapita njia ukutani, na mkokoteni, na rangi za kanga, wote vichwa chini miguu juu, na anayekwenda kulia akaonekana akienda kushoto. Leta shuka nyeupe karibu na kitundu, picha itapungua ukubwa na kuzidi kung'aa. Kipanue kitundu kidogo kwa msumari, nuru itaongezeka na nyuso zitafifia. Msumari mpe mtoto aushike yeye, wala usimwambie mapema atakachokiona.