Majani ya Shinyanga yalirudi namna gani?



Katika mkutano uliopita tulisikia maneno mawili yasiyopatana juu ya mlima wa malisho. Wengine walisema: tufunge mlima wote, ng'ombe na mbuzi watoke, wapelekwe kwingine, halafu tupande miti. Wengine, na hao ndio wenye mifugo, walinyamaza ndani ya mkutano. Kisha nje, karibu na pikipiki, wakatuambia kwamba mlima ukifungwa hivyo watapitisha wanyama usiku. Komite ikatuomba sisi wa kazi ya tereni tuandike kitu mbele ya mkutano ujao. Tumeona heri tuandike historia, juu mambo haya yote mawili yamekwisha kujaribiwa, tena katika nchi ambako wengi wetu tulikaa kama wakimbizi.

Waliopita Lugufu na Nyarugusu hawahitaji kuelezwa namna ardhi inavyobaki uchi. Tuliona msitu ukienda mbali na kambi mwaka kwa mwaka, na wamama wakiamka gizani kufuata kuni. Lakini mambo tunayotaka kueleza yalitokea mbele zaidi, ndani ya Tanzania. Treni inayotoka Kigoma ikifika Tabora, kuna njia inayopanda kwenda Mwanza, na njia hiyo inapita Shinyanga, inchi ya Wasukuma. Ukishuka kusini-mashariki, upande wa Dodoma, kuna milima ya Kondoa, inchi ya Warangi. Sehemu hizo mbili ziliharibika karibu namna moja. Namna ya kuziponya ndiyo ilikuwa tofauti.

Tuanze na Kondoa. Milima yake ilikuwa imechanwa na makorongo, mengine yanaweza kumeza nyumba. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu na mchanga vinashuka na kufunika mashamba ya bonde. Mwaka wa 1973 serikali ilianzisha mradi ulioitwa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa msaada wa Sweden. Walijenga matuta, walichimba mitaro, walipanda miti. Lakini ng'ombe walikuwa bado wanapanda milima ileile kila asubuhi, na kazi ikawa kama kuteka maji kwa kikapu. Basi mwaka wa 1979 ikatoka amri: mifugo yote itoke katika eneo lililoharibika, karibu kilometa za mraba 1,256. Mifugo zaidi ya 80,000 iliondolewa. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, hata punda.

Je, ardhi ilipona? Ndiyo, na upesi kuliko watu walivyotazamia. Ndani ya miaka michache majani yalifunika milima, vichaka vikapanda ndani ya makorongo, mchanga wa mabondeni ukatulia na watu wakaanza kulima juu yake. Sehemu kubwa ya majani hayo hakuna mtu aliyeyapanda. Hapa inafaa tusimame kidogo, maana wanamemba wengi wanafikiri udongo uliokufa unahitaji kwanza miche. Ardhi iliyolishwa kupita kiasi mara nyingi haijafa. Chini kuna mizizi ya majani ya zamani, kuna visiki ambavyo bado viko hai, kuna mbegu zinazongoja. Kinachozuia ni kwato na meno kila siku, na moto wa kiangazi. Udongo ukikaa uchi, tone la mvua linaupiga mpaka juu unafanya gamba gumu, na maji yanateleza pahali pa kuingia. Majani yakirudi hata kidogo, yanavunja nguvu ya tone, majani makavu yanaanguka, mchwa wanayabeba chini na kutoboa gamba lile, maji yanaingia. Kisha kijito kilichokauka mwezi wa saba kinaweza kufika mwezi wa nane.

Lakini Kondoa ililipwa na watu. Familia iliyokuwa na ng'ombe iliamka bila maziwa ya watoto, bila mbolea ya shamba, bila kitu cha kuuza mtoto akiugua. Wanyama walipelekwa kwa ndugu na kwa majirani wa mbali, huko wakaongeza uzito juu ya malisho ya wengine. Serikali yenyewe iliona haiwezi kuendelea hivyo milele, na kutoka 1989 watu walianza kuruhusiwa kufuga ng'ombe wa maziwa ndani ya zizi, wakikatiwa majani na kuletewa. Kwa miaka kumi hivi, mlima ulikuwa unapona na mwenye mlima hana neno juu yake.

Sisi tuliowahi kuambiwa "tokeni hapa" tunasoma habari hiyo kwa njia yetu.

Shinyanga ilianza kuharibika kwa amri pia. Katika miaka ya 1920 na 1930 Waingereza walikuwa wanapigana na mbung'o, ile nzi ya tsetse inayoleta ugonjwa wa kulala na kuua ng'ombe. Mwanasayansi wao Swynnerton aliweka kituo chake cha utafiti palepale Shinyanga. Watu waliitwa kwa maelfu kufyeka vichaka vyote ambamo nzi hujificha. Nzi alirudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka, pamba ikaja na kutaka mashamba, tena kuni zinahitajika kila siku. Miaka ya 1974 na 1975 ikaja operesheni ya vijiji: watu walihamishwa kutoka miji yao iliyotawanyika wakakusanywa pamoja. Kila boma lililoachwa liliacha pia ngitili yake.

Ngitili ni nini? Ni kipande cha malisho ambacho Msukuma anakifunga mvua zinapoanza, majani yakue bila kuguswa, kisha anakifungua katikati ya kiangazi, mabaki ya mashamba yakiisha. Wanaingia kwanza ndama, ng'ombe wagonjwa, wazee, na maksai wa kulima. Hawafungui yote kwa siku moja. Wanalisha sehemu hii, kisha ile. Ilikuwa akiba, sawa vile sisi tunavyoweka muhogo ndani ya udongo. Watu walipohamishwa, hakuna tena aliyekuwa karibu ya kuilinda, na ardhi iliyokuwa ya mtu au ya ukoo ikawa ya wote, maana yake haina mlinzi. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 ngitili zilizobaki zinazojulikana zilihesabiwa karibu hekta 600 tu katika mkoa mzima, na Shinyanga ilikuwa inaitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka wa 1986 serikali ilianzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Norway ilisaidia kwa pesa, na baadaye watafiti wa ICRAF waliungana nao. Mwanzoni hata HASHI ilifanya tunachopenda kufanya sisi watu wa miradi: pepinyeri, miche, miti ya kigeni, na hesabu ya miche katika ripoti. Matokeo yalikuwa madogo. Maofisa walipokaa na wanakijiji na kuuliza zamani mlifanya namna gani, ndipo neno ngitili lilipotoka. Kutoka hapo kazi ikageuka. Miti mingi iliyorudi ilikuwa migunga na mingine ya asili, iliyotoka kwenye visiki na mizizi yake. Kazi ya mradi ikawa kufundisha, kusaidia vijiji kupima mipaka na kuandika sheria ndogo, na kutoa miche pale tu mtu alipotaka.

Nani alilinda? Si askari wa msitu. Kulikuwa na dagashida, mkutano wa jadi wa Wasukuma unaoamua makosa na adhabu, na sungusungu, walinzi wa kijiji waliokuwa wamekwisha kujipanga tangu mwanzo wa miaka ya 1980 juu ya wezi wa ng'ombe. Anayechungia ndani ya ngitili iliyofungwa analipa faini, na faini hiyo imekatwa na jirani zake. Kufikia mwaka wa 2000 hekta zilizofungwa zilikadiriwa kupita 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka wa 2002 HASHI ilipata zawadi ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Utafiti uliochapishwa 2005 ulikadiria kwamba kuni, majani ya kuezeka, dawa, asali, malisho na vingine vinavyotoka ngitili vilikuwa na thamani ya karibu dola 14 kwa mtu kwa mwezi. Kwa kijiji cha namna ile, hiyo si pesa ndogo.

Hatutaki kuwauzia paradiso. Ngitili nyingi ni za watu binafsi, na mwenye ng'ombe mingi anafaidika kuliko mjane asiye na mbuzi hata mmoja. Kila mtu akifunga kipande chake, njia ya wote inakuwa nyembamba. Tena Wasukuma wengi waliendelea kuhama na ng'ombe wao kwenda kusini, mpaka Usangu, ambako mwaka wa 2006 na 2007 walifukuzwa tena. Majani yalirudi, ugomvi wa malisho haukwisha.

Sasa mlima wetu. Mwaka jana tulipanda miche pale juu, pamoja na ninyi. Mingi ilikauka, mingine mbuzi walikula, na lawama ni yetu: tulipanda bila kukaa na wachungaji. Lakini wale waliopanda pamoja nasi mwezi wa tatu waliona kitu. Katika ile pembe yenye mawe, ambako wanyama hawafiki, majani yamefunga ardhi na visiki vimechipuka bila msaada wetu. Hiyo ni Kondoa ndogo mbele ya macho yetu.

Kuna jambo moja ambalo Shinyanga walikuwa nalo na sisi hatuna. Tanzania, kwa sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999, kijiji kina halmashauri inayoweza kuandika sheria ndogo juu ya malisho yake. Kwetu sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 inasema udongo wote ni mali ya Dola, na kwa ardhi zinazokaliwa kwa desturi iliahidi amri ya Rais itakayoeleza haki za wenyewe. Wazee wetu walikimbia vita wakingojea karatasi hiyo, na tuliporudi kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka tulikuta bado ni neno la shefu ndilo linaloshika. Kwa hiyo mapatano yetu yataandikwa na kutiwa sahihi na shefu, na wenye mashamba, na wenye mifugo, hata wale wanaoshusha ng'ombe kutoka juu wakati wa kiangazi. Bila hao wa mwisho, karatasi ni ya bure.

Kwa marafiki wafadhili tuna ombi. Katika bajeti mliyotukubalia, fungu kubwa ni la pepinyeri. Tunajua miche ni rahisi kuhesabu. Tunaomba nusu ya fungu hilo ilipe mikutano, alama za mipaka, na walinzi watakaochaguliwa na wakaaji, wawili kutoka wenye mifugo na wawili kutoka wasio na mifugo.

Na kwa wanamemba, tunaleta pendekezo hili: tusifunge mlima wote. Tufunge theluthi moja, upande wa kijito, mvua za mwezi wa tisa zinapoanza, tuifungue mwezi wa saba, sehemu kwa sehemu. Wamama wasio na wanyama wawe na haki ya majani ya kuezeka na kuni kavu. Faini iamuliwe na mkutano, si na sisi. Mkutano ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane, saa tatu asubuhi, chini ya mwembe wa shule. Wenye mifugo tumekwisha kuwatumia ujumbe. Wamesema watakuja, lakini wanataka kwanza kujua ni nani atakayeshika daftari.