Ukosoaji: neno la kazi mbele ya kwateti ya nyuzi

Mtunzi akileta noti zake na kuomba maoni, Kiswahili kinampa msikilizaji maneno kadhaa ya kuitia kazi hiyo, na kila neno lina tabia yake. "Masahihisho" yananuka chaki: mwalimu ana jibu, mwanafunzi hana. "Uhakiki" umezoea vitabu vilivyokwisha kuchapwa. "Mrejesho" ni neno la semina, linaridhika hata na fomu ya kutia alama ya vema. Na Likasi, mji wa Kongo ambako Kiswahili na Kifaransa huishi mdomo mmoja, mtu anaweza kusema tu remarque, na humo sifa na tusi zikaingia pamoja. Neno ninalolitetea hapa ni la zamani, tena limechafuliwa na siasa: ukosoaji.

Tazama umbo lake. Funga, fungua. Ziba, zibua. Tega, tegua. Kosa, kosoa. Mnyambuliko uleule unaofungua mlango ndio unaoondoa kosa. Anayekosoa analitoa kosa pale lilipokaa, na hakuna awezaye kutoa kitu asichojua kimekaa wapi. Kwa hiyo "ukosoaji wa kujenga", msemo uliotufikia kwa tafsiri, naona unarudia jambo lililomo tayari. Aliyembomoa mtunzi amekashifu. Kukosoa bado hajaanza.

Kwateti ya nyuzi, quatuor à cordes kwa Kifaransa, ni fidla mbili, viola moja na selo moja. Fidla nimeiacha na jina ambalo wapigaji wa taarabu wa Zanzibar wamelizoea; anayesema violini hajakosea. Fidla ina nyuzi nne zinazopanda kwa sol, re, la, mi. Viola na selo zina do, sol, re, la, selo ikiwa oktava moja chini ya viola. Noti ya chini kabisa ya fidla ina mitetemo 196 hivi kwa sekunde, ya viola 131, ya selo 65. Chini ya hapo hakuna kitu, hata mtunzi akiandika kwa wino mwekundu.

Sasa tumkaribishe mtunzi wetu wa Likasi. Ni mtu wa kubuni, asitafutwe, lakini muziki uliomlea ni wa kweli kabisa. Mji huu, ulipokuwa ukiitwa Jadotville, ndipo mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi Mwenda Jean Bosco mwaka 1952, kijana mwenye asili ya Bunkeya na gitaa lake kavu, na wimbo wake "Masanga" ukasafiri kuliko wengi waliopanda meli. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu wa muziki David Rycroft aliuandika upigaji huo kwa noti na kuuchambua katika jarida la African Music. Ukimsikiliza Mwenda, kidole gumba na cha shahada vinafanya kazi ya watu wawili, saa nyingine watatu. Aliyekulia humo ataiona kwateti kama nyumba aliyoizoea: sauti zipo tayari, zinangoja tu wapigaji.

Makosa yake yatatokea hapohapo penye nguvu zake. Uzi wa gitaa ukidonolewa huendelea kulia wakati kidole kimeshahamia uzi mwingine, na noti nne zilizopigwa mojamoja zinajikusanya kuwa kodi, yaani noti zinazolia pamoja. Mpe mpigaji wa fidla noti zilezile kwa upinde, kila noti inakatika inayofuata inapoanza, na kodi imeyeyuka. Mtunzi anajua anachotaka kusikia, ila amemkabidhi mtu mmoja kazi ya wanne. Programu ya kuandikia noti kwenye simu haitamwambia: simu haina mkono, inapiga lolote.

Mbele ya ukurasa kama huo, kusema "kazi nzuri, ila katikati hapajakaa sawa" ni kumpa mtu homa bila dawa. Maoni yenye haki ya kuitwa ukosoaji yangesomeka hivi: "Ndugu, kipimo cha 14, fidla ya pili. Umeandika la ya chini na do iliyo juu yake zilie pamoja. Kwenye fidla noti zote mbili ziko kwenye uzi wa sol, na uzi mmoja hautoi noti mbili kwa mpigo. Vipi viola ikishika la, fidla ibaki na do? Na kipimo cha 20, ukitaka ule mlio wa gitaa, jaribu selo idonolewe kwa kidole, upinde upumzike." Mahali pametajwa, sababu imetajwa, na njia imependekezwa kwa swali, kwa kuwa kazi ni yake.

Hayo ni makosa ya mkono. Mpigaji yeyote atayathibitisha. Makosa ya sikio ni jambo jingine, na hapo mkosoaji apunguze sauti. Mwaka 1785 Mozart alimtunukia Haydn kwateti sita, na alikiri kwamba zilimgharimu kazi ndefu na ngumu. Ya mwisho inaanza na selo ikirudia do, viola inaingia na la bemoli, yaani la iliyoshushwa nusu toni, kisha fidla ya kwanza inaingia na la ya kawaida, kama mtu aliyekuja kubisha. Katika karne ya 19 François-Joseph Fétis, Mbelgiji aliyekuja kuongoza chuo cha muziki cha Brussels, aliona hapo pana kosa, akatengeneza toleo lililosahihishwa. Leo wapigaji wanapiga toleo la Mozart. Fétis alikuwa msomi hasa, lakini alichokitoa hakikuwa kosa. Angeandika "mimi nimeshtuka hapa, ulikusudia?" angebaki ndani ya neno letu.

Kwa mtunzi asiye na wapigaji wanne karibu, njia ipo. Orkesta ya Simfoni ya Wakimbangu, iliyoanzishwa mwaka 1994, iko Kinshasa, na nauli ya kufika huko si ya kuchezea. Mpigaji mmoja wa fidla anatosha kuanzia, apige sehemu mbili za fidla kwa zamu. Akikosekana hata huyo, sehemu ya selo apewe mwimbaji wa besi wa kwaya, na penseli ikae tayari kuweka alama kila anapoishiwa pumzi.