Tarakilishi inapokosa mtandao wakati wa kuwekewa mfumo endeshi

Anayeweka mfumo endeshi mpya kwenye tarakilishi huenda akafika katikati ya shughuli hiyo kisha akaarifiwa kwamba hakuna mtandao. Tatizo hili si dogo, hasa kwa mtumiaji aliyekwisha kuufuta mfumo wa zamani, kwani hana pa kurudi.

Mfano mzuri ni Debian, mfumo huria ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Faili yake ndogo ya uwekaji hubeba sehemu za msingi pekee; programu nyinginezo, zikiwemo zinazoonyesha madirisha na picha, huletwa kupitia intaneti. Mtandao ukikosekana, mtumiaji huambulia skrini nyeusi ya kuandikia amri.

Chanzo cha kwanza huwa kadi ya mtandao. Kadi nyingi za waifai hazifanyi kazi hadi zipakiwe programu maalumu ya mtengenezaji. Kwa miaka mingi, faili rasmi za Debian hazikuwa na programu hizo kwa sababu si huria. Wanachama wake walipiga kura mwaka 2022 kuziruhusu, na tangu toleo la 12, lililotolewa Juni 2023, zimejumuishwa.

Chanzo cha pili ni anwani. Kwa kawaida, ruta huipa tarakilishi anwani kupitia utaratibu uitwao DHCP. Anwani inayoanza na 169.254 ni ishara kwamba ombi halikujibiwa, hivyo tarakilishi imejipa anwani yenyewe. Hapo yafaa waya ukaguliwe na ruta izimwe kisha iwashwe upya. Hilo lisipofaulu, anwani inaweza kuandikwa kwa mkono.

Chanzo cha tatu ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa nambari. Ikiwa tovuti hazifikiki kwa majina ilhali anwani za nambari zinajibu, kosa limo humo.

Waifai ikikataa kabisa, waya wa mtandao ndio njia ya mkato. Mara nyingi hata simu ya Android iliyounganishwa kwa waya wa USB huweza kuigawia tarakilishi intaneti yake.

Hata hivyo, tahadhari kabla ya hatari: nakala za faili muhimu zihifadhiwe kwingineko, na mtandao ujaribiwe, kabla ya mfumo wa zamani kufutwa.